Je, Wajua? Umeme Huamua, Oili Hufanya Kazi

Je, wajua kwamba katika giaboksi ya otomatiki ya kielektroniki umeme hausogezi gia hata moja? Kazi yote ya nguvu hufanywa na oili inayosukumwa na pampu. Umeme hufungua na kuziba vitundu vyembamba tu, kisha shinikizo la oili ndilo linalobana klachi na bendi hadi gari libadili gia. Anayejenga giaboksi ya namna hii kwa gari la uwanja wa mbio akalisahau hilo, huishia kununua kompyuta ya bei mbaya na kuifunga juu ya pampu iliyochoka.

Je, wajua kwamba swichi mbili zinatosha kuamrisha gia nne? Itazame 4L60-E ya General Motors, giaboksi ya Kimarekani ya miaka ya 1990 ambayo hadi leo haikosi katika gereji za wanaojijengea magari ya mbio. Ina solenoidi mbili, yaani vali ndogo za umeme, za kubadili gia, A na B. Washa zote, unapata gia ya kwanza. Zima A, ya pili. Zima zote, ya tatu. Washa A peke yake, ya nne. Basi! Mtu mwenye betri, nyaya na swichi mbili za kawaida angeweza kulipandisha gari hilo gia zote nne. Ugumu haumo katika kubadili. Umo katika kujua lini, na kwa shinikizo gani.

Je, wajua kwamba kabla ya kompyuta ya umeme giaboksi zilikuwa na kompyuta ya oili? 700R4 ya mwaka 1982, ambayo ndiyo mama wa 4L60-E, haikuwa na waya wa kuiambia ibadili gia. Kidude kilichozunguka pamoja na shafti ya kutokea kilitengeneza shinikizo lililopanda kadiri gari lilivyokimbia. Kebo iliyounganishwa na kabureta ilitengeneza shinikizo jingine, lililopanda kadiri dereva alivyokanyaga mafuta. Yote mawili yalisukumana kwenye vali moja, kila moja kwa upande wake, na lililoshinda ndilo lililoamua gia. Kwangu mimi huo ni ufundi wa kuvuliwa kofia. Kasoro yake ni kwamba ukitaka kubadili uamuzi wa vali ile unafungua vyuma, unabadili springi na vizito, unafunga, unajaribu tena. Kwenye kompyuta unabadili namba dereva akiwa anakunywa maji.

Je, wajua kwamba gia zenyewe ni za zamani kuliko uotomatiki? Ndani ya nyingi ya giaboksi hizi kuna seti za gia jua katikati, gia sayari zinazoizunguka, na pete yenye meno inayozifunika zote. Shikilia moja, endesha nyingine, ya tatu inakupa uwiano mpya. Ford Model T ya mwaka 1908 ilikuwa na gia za mtindo huohuo, mbili za mbele, na dereva alizibana kwa miguu yake. Magari zaidi ya milioni 15 ya aina hiyo yaliuzwa.

Otomatiki kamili ya kwanza kutengenezwa kwa wingi ilikuwa Hydra-Matic ya General Motors, iliyotangazwa 1939 kwa ajili ya Oldsmobile za mwaka 1940. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, kifaru chepesi cha Marekani cha M5 kilipewa injini mbili za Cadillac, kila moja na Hydra-Matic yake. Kwa hiyo anayesema otomatiki ni za wavivu wa mjini, mwulize dereva wa kifaru.

Je, wajua kwamba oili ya giaboksi za otomatiki iliwahi kuwa na mafuta ya nyangumi? Nyangumi wa spermu alikuwa na mafuta yaliyofanya klachi zishike taratibu bila kukwaruza wala kutetemeka, na hakuna kiwanda kilichopata mbadala wa haraka. Marekani ilipoyapiga marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili kumlinda mnyama huyo, wakemia walilazimika kukaa upya na chupa zao. Leo watengenezaji wengi wana mchanganyiko wao, ndiyo maana fundi makini hukagua maandishi ya kopo kabla ya kumimina. Oili isiyo yake haivunji kitu siku hiyohiyo. Inabadili jinsi klachi zinavyoshika, na kompyuta uliyoipanga kwa oili ya kwanza inaanza kuonekana ina kichaa.

Je, wajua gari hufanya nini umeme wa giaboksi ukikatika katikati ya mbio?

Jibu lilichorwa kiwandani zamani. Solenoidi zote zikizimika, 4L60-E inakwenda gia ya tatu. Kaka yake mkubwa, 4L80-E, inakwenda ya pili. A340E ya Toyota, iliyomo katika baadhi ya Mark II, Chaser na Supra zilizoshushwa kutoka Japani kwenye bandari za Mombasa na Dar es Salaam, inakwenda ya nne ukiwa umeweka mkono wa gia kwenye D. Ukiuvuta hadi 2 unapata ya tatu, na kwenye L unapata ya kwanza. Mafundi wa Toyota wanaijua njia hiyo: gari likigoma, chomoa waya wa solenoidi, badili gia kwa mkono. Mwendo ukirudi vizuri, ugonjwa uko kwenye umeme. Usiporudi, andaa pesa.

Uwanjani tabia hizi si jambo la kusoma kwa udadisi tu. Dereva wa 4L80-E aliye kwenye gia ya nne mwisho wa mstari mnyoofu, fyuzi ikikatika, anatupwa ghafla kwenye ya pili. Injini inaweza kupaa kupita mwisho wake, magurudumu ya nyuma yakashikwa, na gari likaanza kujigeuza kabla dereva hajajua kilichotokea. Kwa sababu hiyo kompyuta ya giaboksi hupewa fyuzi yake peke yake na waya wake wa kwenda ncha hasi ya betri, haichanganywi na feni wala pampu ya mafuta. Waya huo haugharimu kitu ukilinganisha na ukuta wa uwanja.

Ferrari walilijua hilo kwa uchungu. Mwaka 1989 gari lao la Formula 1, Ferrari 640 lililobuniwa na John Barnard, lilikuwa na giaboksi ya gia saba iliyobadilishwa kwa vipande viwili nyuma ya usukani, umeme ukiamuru na haidroliki ikisukuma. Kwenye majaribio iliharibika mara kwa mara hata watu wakaikatia tamaa. Nigel Mansell alikata tiketi ya ndege ya mapema kuondoka Brazili, maana hakutarajia kufika mwisho wa mbio za Jacarepaguá. Akashinda! Baadaye ikabainika kwamba sehemu kubwa ya lawama haikuwa ya giaboksi. Mtetemo wa injini ulikuwa ukiutoa mkanda wa alteneta, umeme ukipungua, na giaboksi isiyo na umeme haina la kufanya.

Ile haikuwa otomatiki ya konveta, kile chombo cha oili kinachokaa mahali pa klachi, naelewa. Ilikuwa na klachi ya kawaida iliyoendeshwa na mashine. Lakini funzo la nyaya ni lilelile.

Je, wajua kwamba solenoidi inayopanga shinikizo katika 4L60-E hufanya kazi kinyumenyume? Ikipata mkondo wa karibu ampea 1.1, shinikizo ni la chini kabisa. Ikikosa mkondo, shinikizo linapanda hadi juu kabisa. Aliyeibuni aliwaza siku waya utakapokatika: heri gia ziingie kwa kishindo kuliko klachi ziteleze na kuungua.

Sasa unganisha hilo na jambo la pili. Shaba ikipata joto, ukinzani wake hupanda kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Solenoidi iliyopimwa asubuhi kwenye nyuzi 20 itakuwa na ukinzani mkubwa zaidi kwa karibu asilimia 39 oili ikifika 120. Kompyuta rahisi inayotuma volti ileile itapitisha mkondo mdogo, na mkondo mdogo ni shinikizo kubwa. Dereva anaingia karakana akilalamika: asubuhi ilibadili kama siagi, sasa inapiga teke. Hakuna kilichoharibika. Anahitaji kompyuta inayopima mkondo wenyewe na kuurekebisha, au jedwali la marekebisho linalosoma joto la oili.

Je, wajua kwamba kila solenoidi ikizimwa hurusha volti nyingi nyuma kwenye waya wake? Koili haipendi mkondo wake ukatishwe. Bila dayodi ya kuzimeza, volti hizo huua transista ya kompyuta. Na dayodi ya kawaida nayo ina bei yake, maana huufanya mkondo ufe polepole na solenoidi ichelewe kuachia. Wanaojilehemia kompyuta huweka dayodi za Zener ili koili imalize haraka. Ndiyo, wapo wanaojilehemia: Bruce Bowling na Al Grippo, waliojulikana kwa kompyuta ya injini ya MegaSquirt, walitoa pia MegaShift, kompyuta ya giaboksi ambayo mtu anaweza kuiunganisha mwenyewe mezani kwake.

Je, wajua kwa nini gia nne zinabana uwanjani? Uwiano wa gia ya kwanza ya 4L60-E ni 3.06, ya pili 1.63, ya tatu 1.00 na ya nne 0.70. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika, ukitoka ya kwanza kwenda ya pili inaporomoka hadi karibu 3,460. Kutoka ya pili kwenda ya tatu inabaki karibu 3,990. Injini ndogo iliyotengenezwa kupumua juu ya 5,000 itakaa ikihema kila baada ya kona. Injini kubwa ya V8 yenye nguvu tangu chini haijali, na ndiyo maana giaboksi hizi zimeoana na V8 za Chevrolet kuliko na kitu kingine chochote.

ZF ya Ujerumani ilileta 8HP mwishoni mwa muongo wa 2000, gia nane kwa seti nne za sayari na vishikio vitano tu. Katika gia yoyote ya mbele vishikio vitatu hushika, viwili tu huachia, kwa hiyo sahani chache huburuzana bure ndani ya oili. Kutoka ya tatu yake, 2.104, kwenda ya nne, 1.667, injini iliyo kwenye 6,500 inatua karibu 5,150. Hapo injini ya mbio inacheka. BMW waliipa M5 yao ya kizazi cha F90 giaboksi hii yenye konveta na kuiacha ile ya klachi mbili iliyokuwa kwenye M5 ya awali, jambo ambalo wapenzi wa mbio wa miaka ya nyuma wangeliita matusi.

Je, wajua kwamba gari la otomatiki lilishinda saa 12 za Sebring mwaka 1965?

Hapa niruhusiwe kukaa kidogo. Jim Hall, Mtexas wa Midland, aliunda magari aliyoyaita Chaparral akiwa na urafiki wa karibu na wahandisi wa General Motors. Mahali pa klachi aliweka konveta ya torki. Dereva bado alichagua gia kwa mkono, kwa hiyo anayetaka kubishana kuhusu neno "otomatiki" ana haki ya kubishana. Lakini pedali ya klachi haikuwepo. Hall na mwenzake Hap Sharp waliendesha gari hilo kwenye mvua iliyogeuza Sebring kuwa ziwa, wakawaacha Waitalia na wengine wote. Konveta haitoi nguvu kwa kishindo, na kwenye maji hiyo ni neema. Mwaka uliofuata Phil Hill na Jo Bonnier walishinda kilomita 1,000 za Nürburgring kwa Chaparral 2D.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda zaidi. Mguu wa kushoto wa dereva haukuwa na kazi. Hall akaupa. Chaparral 2E ya 1966 ilikuwa na bawa refu lililosimama juu ya miguu ya chuma nyuma ya gari, na pedali pale ambapo magari mengine yana klachi. Kwenye mstari mnyoofu dereva aliikanyaga, bawa likalala, upepo ukapita. Akikaribia kona aliiachia, bawa likainuka na kuligandamiza gari chini. Bila giaboksi ile, mguu usingepatikana, na bawa lisingekuwa na wa kuliamuru.

Mwaka 1967 injini ya lita 7 iliwekwa kwenye Chaparral 2F, na giaboksi ikazidiwa. Mbio baada ya mbio gari liliongoza kisha likasimama pembeni. Msimu uliokaribia kupotea wote uliokolewa Brands Hatch, Uingereza, Phil Hill na Mike Spence waliposhinda.

Je, wajua kwamba 4L80-E imewahi kubeba Bentley na gari la kijeshi la Humvee kwa wakati mmoja? Si ajabu kwamba anayejenga gari zito la mbio huiamini, ingawa ni kubwa na inakula nafasi. Na mama yake, Turbo-Hydramatic 400 ya 1964, iliingia hata Ferrari: ile 400 Automatic ya 1976. Ferrari hawakuwa na aibu ya kuagiza chuma kizuri kutoka Michigan.

4L60-E nayo ina ugonjwa wake unaojulikana kila gereji ya Marekani. Klachi ya gia ya tatu na ya nne huungua mapema. Mjenzi huongeza sahani, hupandisha shinikizo, na huweka pistoni kubwa ya bendi iliyotoka kwenye Corvette, kipande cha bei ndogo kinachoibana gia ya pili kwa nguvu zaidi. Baada ya hapo, kama injini ni ya nguvu kweli, maoni yangu ni anunue 4L80-E na kuacha ubishi.

Je, wajua ni joto kiasi gani klachi humeza katika kubadili gia mara moja? Tuseme torki ya Nm 400 inapita kwenye klachi inayoteleza kutoka tofauti ya mizunguko 3,000 hadi sifuri kwa nusu sekunde. Hiyo ni takriban kilojuli 31, nishati inayotosha kuinua gari la tani moja zaidi ya mita tatu, na yote inamwagwa kwenye karatasi ngumu iliyogandishwa juu ya sahani nyembamba. Punguza nusu ya muda, umepunguza nusu ya joto. Punguza torki, vivyo hivyo. Kompyuta nzuri ya giaboksi huiambia kompyuta ya injini icheleweshe cheche kwa muda mfupi sana wakati wa kubadili. Nguvu inashuka, klachi inashika, nguvu inarudi, na dereva haoni kitu isipokuwa mlio. Kompyuta mbili zisizozungumza hugeuza klachi kuwa mafuta ya taa.

Je, wajua kwamba ramani ya gia ya barabarani ni hatari uwanjani? Barabarani, ukiachia mafuta, kompyuta hudhani umepumzika na kukupandishia gia ili kuokoa petroli. Katikati ya kona ya kasi dereva huachia mafuta kwa sababu nyingine kabisa. Gia ikipanda hapo, uzito wa gari unahama na breki ya injini inapotea pale tu inapohitajika. Kwa hiyo mjenzi huiamuru kompyuta ishikilie gia mafuta yanapoachiwa, au huiondolea kabisa uamuzi na kumpa dereva vibonyezo nyuma ya usukani. Hata hivyo kibonyezo hakipaswi kuwa mfalme. Dereva aliye gia ya tatu ya 4L60-E kwenye mizunguko 5,000 akiomba ya pili, injini itadaiwa 8,150. Kompyuta lazima ipige hesabu hiyo kabla ya kutii, na kama jibu ni baya, ikatae.

Hesabu hiyo inategemea sensa moja ndogo. Kwenye 4L60-E ya magari ya magurudumu mawili ya nyuma kuna gurudumu la meno 40 kwenye shafti ya kutokea na koili inayoyahesabu yakipita. Ishara yake ni dhaifu gari likienda polepole, na gari likisimama haipo kabisa. Ukizilaza nyaya zake karibu na nyaya za plagi, kompyuta itahesabu cheche ikidhani ni meno.

Je, wajua kwamba konveta ikifungwa hupunguza joto kwa haraka kuliko rejeta yoyote? Ndani ya konveta kuna mapangaboi mawili yanayotazamana ndani ya oili, na katikati kipande kinachoirudisha oili kwa pembe nzuri. Gari likiondoka huweza kuzidisha torki kwa karibu mara mbili. Zawadi hiyo hulipwa kwa joto, kwani kila mteleko wa oili ni petroli iliyogeuka moto. Packard walianza kufunga konveta kwa klachi ya ndani mwaka 1949. Mjenzi wa leo huiamuru ifunge kuanzia gia ya pili au ya tatu, huifungua wakati wa kubadili gia, na huichagulia klachi imara, maana ile ya kiwandani ilitengenezwa kwa safari ya utulivu na si kwa injini inayosukuma kwa nguvu zote.

Kipoza oili kikubwa chenye feni yake hakina mjadala. Kisichosemwa sana ni kwamba kwenye kona ndefu na breki kali oili yote hukimbilia upande mmoja wa karai, kichujio kinabaki kikinyonya hewa, shinikizo linaanguka na klachi zinateleza kimyakimya. Karai lenye kina na vizuizi ndani yake huokoa giaboksi nyingi kuliko programu yoyote.

Je, wajua kwamba vaselini ni kifaa halali cha fundi wa otomatiki? Wakati wa kuunganisha, vigololi vya chuma na washa nyembamba hukataa kukaa mahali pake. Grisi huvishika, lakini haiyeyuki vizuri ndani ya oili na huenda ikaziba kitundu cha solenoidi. Vaselini huyeyuka na kupotea. Sahani za klachi nazo hulowekwa kwenye oili mpya kabla ya kufungwa. Kitambaa chenye nyuzi hakiruhusiwi mezani. Kabla ya kufunika karai, fundi hupuliza hewa ya kompresa kwenye kila njia ya oili na kusikiliza: klachi nzima hujibu kwa mgoto mzito, na yenye sili iliyokatika hutoa mluzi.

Kisha konveta. Lazima iingie hadi mwisho kwenye pampu, na fundi huisikia ikizama kwa hatua huku akiizungusha. Anayeikaza giaboksi kwenye injini kwa boliti, akitumaini zitaisukuma mahali pake, huvunja pampu mpya kabla gari halijawashwa.

Je, wajua kwamba oili inaweza kupanda ndani ya waya? Mercedes-Benz 722.6, otomatiki ya gia tano iliyoaminiwa hata na SLR McLaren, ina plagi ya umeme inayopenya ubavuni mwa giaboksi. Oringi zake zikichoka, oili huingia kwenye plagi, kisha hupanda taratibu katikati ya nyuzi za shaba hadi ndani ya kompyuta iliyo mbali. Plagi ni ya bei ndogo. Kompyuta sivyo.

Je, wajua Formula 1 ilipiga marufuku ubadilishaji gia wa kujiendesha wenyewe? Uliruhusiwa tena msimu wa 2001 ukiwa umeshaanza, ukafungiwa kuanzia 2004. Tangu hapo dereva lazima aombe kila gia mwenyewe. Kwenye mbio za kukimbia mstari mnyoofu Marekani hakuna aliyejali. Dodge Demon ya mwaka 2018, yenye 8HP, iliuzwa dukani ikiwa na breki ya giaboksi: vishikio vinavyogombana hubanwa pamoja, shafti ya kutokea inajifunga, injini inanguruma, na dereva akiachia kibonyezo kishikio kimoja kinaachia na gari linaruka.

Na je, wajua mambo ya kutazama baada ya siku ya mbio? Fungua karai, angalia sumaku. Uji laini wa kijivu ni kawaida. Vumbi jeusi lenye harufu ya kuungua ni klachi. Vimulimuli vya rangi ya shaba ni bushi zinazokwisha, na hapo gari lisiwashwe tena. Lipande trela zima zima, au shafti ya nyuma ifunguliwe kwanza. Ukilivuta kwa kamba magurudumu ya nyuma yakizunguka chini, giaboksi nayo inazunguka, na pampu inayoendeshwa na injini iliyozimwa haiipelekei hata tone moja la oili.